Fundi Aliyekataa Viraka

Shemeji yangu ni fundi cherehani, tena fundi kwelikweli. Suruali akiishona yeye, unaivaa mpaka unaichoka mwenyewe. Balaa lilianza alipokutana na kocha wa maisha, bwana mmoja wa meno meupe na sauti ya kubembeleza, aliyekodi ukumbi akawa anafundisha watu wazima kuuita utajiri kwa kufumba macho. Huyo ndiye aliyemwambia kwamba kiraka kina roho ya ufukara, na anayeshika viraka ataishi maisha ya viraka.

Mwanamume mzima akaamini! Duka lake ni chumba cha mbele cha nyumba yao, na riziki yake karibu yote ilikuwa kutia viraka, kubadili zipu na kupunguza sketi. Kazi hizo zote akazikataa. Akawa anashinda kitini, viganja juu, anasubiri wateja wa suti.

Mkewe, ambaye ni mdogo wangu, akawa anawawahi wateja walewale kwa mlango wa nyuma. Alishona kwa mkono, jikoni, vidole vimejaa matundu ya sindano, na pesa akazitumbukiza kwenye droo ya duka ili mumewe asiaibike. Nilimgombeza sana.

"Dada, niache. Atapona tu," aliniambia.

Apone wapi! Mumewe alizikuta zile pesa akatokwa na machozi. Akaenda ukumbini kutoa ushuhuda kwamba pesa zinamjia zenyewe, hata sindano hagusi. Watu wakapiga makofi. Kocha akamuuliza, sasa cherehani ya nini tena? Aiuze, alete sadaka, avune zaidi.

Na cherehani yenyewe ni ya mdogo wangu, aliachiwa na marehemu mama yetu.

Nilikuwepo shemeji aliporudi kuibeba akaiuze. Mdogo wangu akasimama mbele yake, akamwonyesha vidole.

"Baba watoto, hizo pesa nilikuwa naziweka mimi."

Shemeji akamtazama kwa huruma. Eti kwa huruma!

"Kocha alishaniambia. Wa kwanza kunipinga atakuwa mtu wa humu ndani."

Nilidhani mdogo wangu atalia. Hakulia.

"Dada, shika upande huo," akasema, na tukaibeba cherehani mpaka kwangu.

Shemeji tulimwacha kesharudi kitini, kafumba macho, anauita utajiri. Mlango niliuacha wazi makusudi, huo utajiri usije ukahangaika kupiga hodi.