Lenzi Iliyoandikwa Jena Peke Yake

Ilianza Jumamosi, saa nne asubuhi, kwa harufu. Shosho, nyanya yangu, alifungua mfuko wa ngozi uliokaa chini ya kitanda chake, mtaani kwetu Mowlem, tangu Guka, babu yangu, afariki. Chumba kikajaa harufu ya ngozi iliyoota ukungu na dawa ya nondo. Mpaka leo nikipita karibu na fundi wa viatu namwona Shosho amekunja pua.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mfukoni mlikuwa na kamera ya Guka. Wiki nzima alikuwa akifanya kazi kiwandani Industrial Area, na Jumapili akiwapiga watu picha nje ya kanisa. Majirani bado wanaukumbuka msemo wake: "Usipumue, mama, hapo hapo!" Kamera yenyewe aliipata kwa kubadilishana na cherehani ya Shosho, bila kumuuliza. Shosho hakuwahi kukaa mbele ya kamera hiyo. Ndiyo maana kwetu kuna picha za harusi za mtaa mzima, na ya Shosho hakuna hata moja.

"Jumatatu mtu wa skrapu akipita, mpeni," alisema.

Kaka yangu Njuguna akaigeuza lenzi. "Shosho, hii ni feki. Imeandikwa Jena peke yake. Jena ndio nini? Jina la kampuni limeenda wapi?"

"Si nilimwambia! Alitapeliwa mchana peupe, na bado akacheka."

Huku Eastlands, mitaa ya mashariki mwa jiji, sisi sote ni wataalamu wa feki. Kiatu kikikosa herufi moja tu, tunajua. Lakini kioo kile kilikuwa na rangi ya zambarau, kama petroli kwenye dimbwi, nami sikutaka kuamini. Kusema nikaogopa, hata kununua mandazi nilikuwa nanong'ona. Nikaomba simu ya mama, nikaenda kukaa kwenye ngazi. Watu nisiowaona usoni sikuwaogopa.

Mtandaoni nikapata kundi la watu wanaokusanya lenzi kuukuu za Kijerumani, nikawatumia picha na namba iliyochongwa kwenye pete ya lenzi. Jioni mmoja akajibu. Namba ilionyesha ilitengenezwa miaka ya sitini, katika mji wa Jena. Baada ya vita nchi iligawanywa mashariki na magharibi, kampuni nayo ikagawanyika, na kila upande ukadai jina ni lake. Kwa hivyo lenzi nyingi za mashariki zilizouzwa nje ziliachwa na jina la mji tu. Lile pengo ndilo lililoonyesha ni ya kweli.

Nilimweleza Shosho akikata sukuma wiki. Kisu kikasimama.

"Yaani walikuwa nyumba moja, wakagombania jina?"

"Ndiyo, Shosho."

"Na hakutapeliwa."

"Hakutapeliwa."

Kisu kikaendelea. "Cherehani yangu bado alichukua."

Nikadhani nimeshindwa. Nilifikiri ugomvi wao ulikuwa wa lenzi. Sasa niko sekondari, Fomu Thrii, na ndio naona: alichokosa Shosho ni kuulizwa. Tena kitu unachokichukia kabisa hukilalii juu miaka yote hiyo.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kanisa, nilimkuta amekaa kwenye stuli karibu na dirisha, kitambaa cheupe kichwani, mikono magotini, kamera ameiweka kitandani.

"Wanja, nipige."

"Shosho, haina filamu."

"Nimekuuliza filamu?"

Nikaifuta lenzi kwa ncha ya gauni. Kwa mara ya kwanza sikunong'ona.

"Usipumue, mama," nikasema. "Hapo hapo."

Nikabonyeza.