Mgeni Aliyeomba Maji ya Samaki

Cheka ukitaka, lakini usiniambie nilikuwa nimelewa. Siku ile sikugusa hata tone la kasiksi, na jua lilikuwa bado linawaka juu ya Nguba, mtaa wetu wa Bukavu. Haya niliyaona kwa macho yangu, enzi zile za Zaïre.

Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa ndege kule Kavumu. Wengine walifuga mbuzi. Yeye alifuga samaki wa baharini, sebuleni, ndani ya sanduku la kioo. Bahari iko wapi Bukavu? Ndiyo hivyo! Chumvi yake ililetwa na marubani kutoka pwani, pamoja na mawe yenye uhai, yaliyojaa vidudu na majani ya baharini yanayosafisha maji. Alipofariki alibaki samaki mmoja tu, mwekundu, aliyezoea kula mkononi mwake. Niliona akifa huyo, nitakuwa nimemzika mume wangu mara ya pili.

Basi shemeji yangu, mtu wa moyo mzuri na haraka nyingi, akataka kunifurahisha. Nikiwa kwenye mazoezi ya kwaya, alileta jiwe jipya lililoshuka na ndege, akalitumbukiza moja kwa moja kwa samaki, akaenda zake. Marehemu hakufanya hivyo kamwe. Jiwe likitoka safarini alilikalisha kwanza peke yake, ndani ya ndoo ya maji ya chumvi, wiki nyingi, mpaka vidudu vilivyokufa njiani vioze na harufu iishe.

Niliporudi, sijui lolote, nilimkuta mwanamke mgeni ameketi mlangoni. Kitenge chake kilikuwa kinachuruzika maji, na kiangazi kile mvua tulikuwa tumeisahau. Nikadhani ameteleza ziwani. Nikamkaribisha ndani, nikampa kiti, nikamletea maji kikombeni.

“Hapana ile, maman,” akasema kwa sauti ya mgonjwa, akionyesha sanduku la samaki. “Unipe ya mule.”

“Ile iko chumvi, mama. Itakuumiza.”

“Unipe tu. Lakini uonje kwanza.”

Wewe ungefanyaje? Kwetu anayempa mgeni kinywaji huonja mbele yake, ajue hakina sumu. Nikachota, nikaonja. Niamini, ladha ya maji yale niliijua, mume wangu alikuwa akinionjesha kwa utani. Hii haikuwa chumvi peke yake. Yalikuwa mayai viza! Nikatema pale pale.

“Shemeji yako alitutia mule pamoja na wafu wetu,” akasema huku analia. “Tuko nakufa, na samaki wako iko nakufa. Ututoshe mule, maman. Lakini usitutupe mu ziwa. Ile maji haina chumvi, itatumaliza.”

Nikageuka. Samaki alikuwa amelala ubavu, anahema, na kando yake jiwe nisilolijua. Nilizamisha mikono mpaka viwikoni, nikalitoa, nikaliweka kwenye ndoo ya maji ya chumvi. Kisha nikambadilishia samaki maji kwa yale ya akiba. Nilipoinua kichwa, kiti kilikuwa kitupu, kimelowa. Mlango sikuusikia.

Jioni ile samaki alisimama tena. Majirani wakasema, tupa hilo jiwe ziwani, ni shetani! Ningewezaje? Mtu amenililia kwa macho yake. Nililibadilishia maji, nikilisalimu kila asubuhi kama mgonjwa, mpaka harufu ikaisha. Nilipolirudisha kwa samaki, majani madogo yakaanza kuchipua juu yake. Nililia kwa furaha, sioni haya kusema.

Ila tangu siku ile ulimi wangu hausikii chumvi. Binti yangu ndiye anayeonja mboga kabla sijaepua. Asipokuwepo, wageni wanakula kwa heshima tu. Sijuti.

Nawe unayenisikiliza, usiingize chenye uhai nyumbani mwako kwa pupa, hata kama ni kwa upendo. Na mgeni wa ajabu akikuomba kitu cha ajabu, usimfukuze. Huenda yeye anakufa, na wa kwako anakufa pamoja naye.