Askari wa Kukhu

Mimi ni mwalimu wa biolojia mjini Kitale, na aibu hii nilijitafutia mwenyewe. Mwaka ule wa homa ya nguruwe nilienda Kabuchai kumwona Kukhu, nyanya yangu, nikipiga chafya njia nzima.

"Kaa mbali, mwalimu. Si uko na homa?" akaniambia.

Nikamcheka. Nikamsomesha ati kila seli ya mwili ina protini zinazolinda kama askari mlangoni, virusi haviingii ovyo. Kisha nikamkumbatia.

Wiki iliyofuata akalazwa Bungoma. Daktari akauliza, mbele ya ukoo mzima, nani alimletea homa. Nikatazama viatu vyangu.

Kukhu akasogeza maski ya oksijeni. "Msimkasirikie mwalimu," akasema. "Askari wake wako sawa. Ni wangu wamezeeka."