Mabeleshi Kumi na Mawili

Mwenyeji wangu alinipa chumba cha mwanawe aliyehamia Dar es Salaam, blanketi mbili, na sharti moja: nisimuulize maswali kabla hajamaliza chai. Nilikuwa na siku nne tu nyumbani kwake, huko juu upande wa Mhezi, na tayari alikuwa amenijua.

Nilikuwa nimevuka mpaka pale Taveta na begi moja. Kwetu ni Kenya, ingawa sijakaa huko sana. Shule niliiacha darasa la saba, na tangu hapo nimejifunza kwa kuuliza. Same nilishuka kwenye basi kwa sababu mama mmoja kituoni alikuwa anauza tangawizi mbichi zenye vidole kama mkono wa mtoto. Nikamuuliza zinalimwa wapi, akaonyesha milimani kwa kidevu. Tulizungumza mpaka basi likaniacha. Mwishowe akanipeleka kwa dada yake, ndiye huyu mwenyeji wangu, mjane mwenye goti bovu na ng'ombe wawili, ambaye nami nikamwita mama. Tukapatana nimkatie majani, naye anipe chakula na pa kulala.

Kila kitu kilikuwa na swali lake. Kwa nini ng'ombe hawatoki bandani, majani ndiyo yabebwe kuwafuata? (Angalia huo mteremko, akasema mama, kisha uniulize tena.) Makande nilidhani nayajua, maana kwetu tunapika githeri, mahindi na maharage hayo hayo. Ya kwake yalikaa motoni tangu asubuhi, yakatiwa maziwa, nami nikaomba sahani ya pili kabla ya kuuliza chochote.

Lakini lililonisumbua zaidi lilikuwa maji. Nyuma ya nyumba palipita mfereji mwembamba wa udongo. Siku moja ulikuwa umejaa, kesho yake mkavu. Mama alinieleza kwamba juu yetu kuna ndiva, bwawa la kuchimba kwa mikono. Maji ya kijito hujaa humo usiku kucha, na asubuhi hufunguliwa yaende kwenye shamba la mwenye zamu. Zamu yake ilikuwa Alhamisi. Maharage yake yalikuwa yameanza kutoa maua, na mvua ilikuwa imekata.

Jumatatu jioni ikalia pembe kutoka kilimani. Mama akaweka kikombe chini.

"Msaragambo," akasema. "Kesho wanatoa tope kwenye ndiva. Kila nyumba mtu mmoja."

Mara mbili zilizopita goti lilimzuia, na hakuwa na mtu wa kumtuma. Nyumba ikikosa mara ya tatu, zamu yake inaondolewa hadi msimu uishe.

"Nitakwenda mimi," nikasema.

"Wewe si mtu wa nyumba hii."

"Nalala wapi, mama?"

Alifikiri kidogo. "Nenda. Wakikukataa, rudi kimya. Usibishane na Wapare, mwanangu. Utazeeka kabla ya hukumu."

Asubuhi nilikuta watu kama arobaini wamezunguka bwawa lililokaushwa. Mzee wa maji, mwembamba, mwenye viatu vya mpira na fimbo ndefu, alikuwa anaita nyumba moja moja. Alipofika kwa mama nikajitokeza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndiye yule Mkenya?"

"Ndiye mimi."

"Leo hakuna maandamano, kijana. Ni tope tu." Watu wakacheka. Kisha akasema, "Tutaona kazi kwanza. Kuhesabu baadaye."

Kila nyumba ilipimiwa fimbo tatu za tope. Nikaingia mpaka magotini na beleshi la mama. Nilichimba kama mtu anayetafuta kitu, na saa nne kipande changu kilikuwa kimefika kwenye udongo mgumu. Kulia kwangu alikuwa jirani wa mama, mzee wa miaka sabini hivi. Hakuwa amefika hata nusu. Anatupa beleshi moja, anashika kiuno, anatupa jingine. Sikuwaza mara mbili. Nilihamia kwake nikaanza kutupa.

Sauti za mabeleshi zilipungua, kisha zikakoma. Nilipoinua kichwa, wote walikuwa wananitazama.

"Nani kakuambia nimechoka?" mzee akauliza, taratibu kabisa.

"Nimeona unashika kiuno, mzee."

"Kiuno ni changu. Na tope ni langu. Mwakani utasema ulinichimbia, na maji nayo utasema ni yako?"

"Mimi? Mwakani sijui nitakuwa wapi."

"Nyumba uliyotoka itakuwepo."

Mzee wa maji alishuka akaja kati yetu. Jirani akamweleza, na kwa kuwa mimi ni mgeni akanieleza na mimi. Zamani baba yake alisaidiwa hivyo hivyo na mtu mwema. Mtu mwema akadai kwamba kipande ni kazi yake, kwa hiyo na zamu ni yake. Walikaa baraza la kata misimu miwili kuirudisha.

Nikaomba radhi. Nilikuwa namfikiria mama na maua ya maharage yake, na jinsi wema wangu wa dakika tano ungeweza kuyakausha.

"Arudishe," akasema mzee wa maji.

"Nirudishe nini?"

"Tope."

"Mabeleshi mangapi?" mtu akauliza.

"Kumi na mawili," akajibu mwanamke mmoja kutoka ukingo wa pili, akikwangua tope kwenye beleshi lake. "Nilihesabu."

Nikapanda ukingoni, nikarudisha mabeleshi kumi na mawili ya tope kwenye kipande cha mzee. Naye akayatoa, moja moja, akishika kiuno katikati. Hakuna aliyemharakisha. Hakuna aliyecheka, na mimi nilikaa ukingoni nikitamani kuuliza mambo mia.

Jirani alipomaliza, mzee wa maji akaanza kuita nyumba tena. Alipofika kwa mama alinitazama, akamtazama jirani. Jirani akatikisa kichwa kukubali.

"Nyumba imefika," akasema mzee wa maji, na akaita inayofuata.

Mama nilipomsimulia alicheka mpaka akashika goti. "Na ni kweli yalikuwa kumi na mawili?"

"Sikuhesabu."

"Basi hapo ndipo ulipokosea."

Alhamisi maji yalikuja na majani makavu mbele yake. Mama alikaa kwenye jiwe akinielekeza kwa fimbo: fungua huu, ziba ule. Nilikuwa nimeinama kwenye tuta la kwanza jirani alipopita njiani. Akasimama, mikono nyuma, akitazama mwisho wa shamba. Hakugusa kitu.

"Kijana," akasema, "maji yako yanatoroka kule chini."

Akaendelea na safari yake, nami nikakimbilia huko na jembe.