Bili ya Wakili wa Ukoo Wetu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, tukiwa kwenye ntheo ya dada yangu, ile sherehe ya mbuzi wa kwanza wa mahari, nilimpakulia wakili Mutua supu nikamuuliza kesi yangu imefika wapi. Akanijibu huku akimung'unya mfupa, nami nikaridhika.

Mutua ni wa ukoo wetu, ndiyo maana nilimpa kesi ya ploti ya marehemu baba pale mjini Kabati, ambayo jirani alikuwa ameivamia. Bei hatukutaja. Kwetu, kumuuliza mtu wa ukoo bei ni kama kumwambia humwamini, na mimi ujanani nilikuwa na aibu nyingi. Badala yake nilimpelekea mbuzi, asali na ndengu, nikiamini hayo ndiyo malipo. Kumbe yeye alikuwa akipokea zawadi tu!

Tukashinda. Nilicheza mpaka kiatu kikakatika. Halafu bili ikaja, na Mutua akasema hati ya ploti itabaki kwake hadi nilipe. Ili kulipa, ningelazimika kuuza nusu ya ardhi ile ile tuliyoipigania. Nililia, kisha hasira ikanipanda, nikataka nikamwaibishe mbele ya wazee wa ukoo.

Mjomba wangu, aliyewahi kuwa chifu, akanizuia mlangoni. "Wee Mwende, ukimtukana bili itapungua? Mwambie akuandikie kila kazi na bei yake. Usiporidhika, huko kortini kuna msajili wa kupima bili za mawakili. Na uende na adabu."

Nilipopata mchanganuo huo, nilicheka peke yangu. Siku ya ntheo ilikuwemo, imetozwa kama "mashauriano na mteja". Mbele ya msajili nikasema, "Mheshimiwa, hiyo siku huyu alikuja kula!"

"Lakini si uliniuliza kesi?" Mutua akajitetea.

"Nilikuuliza nikikuongezea supu!"

Hata msajili alicheka. Kwa kuwa hatukuwa na mapatano ya maandishi, alipima kila kazi kwa viwango vya sheria. Supu akaifuta, na mengine pia. Nikadai mbuzi wangu nao wahesabiwe. Akauliza, "Ulipompa, ulimwambia ni malipo?" Mbuzi wakabaki zawadi.

Kilichosalia nililipa polepole kwa pesa za kuuza ndengu, bila kuuza hata kipande cha ploti. Mutua mwenyewe aliniletea hati nyumbani, na hadi leo tunasaidiana kuozesha watoto na kuzikana.

Kwa hiyo, mwanangu, taja bei kabla kazi haijaanza, hasa na ndugu, iandikwe na nyote mtie sahihi. Ukishachelewa kama mimi, usilipe kwa woga wala usipige kelele. Omba mchanganuo, pinga usichokielewa, halafu lipa kazi aliyokufanyia kweli, maana naye ana watoto wa kulisha. Mungu akupe haki yako yote, na asikunyang'anye watu wako.