Bi Mwanapili Aliyeulamba Ukuta

Bi Mwanapili, mchoma chokaa wa upande wa Msambweni, hakujua kusoma, lakini ukuta aliujua. Mwaka wa hamsini na sita wajumbe wa baraza walipokuja kuipokea skuli mpya iliyojengwa kwa kodi yetu, aliuendea ukuta, akaulamba mbele ya Mudiri, mkubwa wa serikali wa kwetu.

"Una chumvi! Mchanga wa ufuoni huu, haukuoshwa. Masika mawili tu, utawaangukia wajukuu zangu."

Mkandarasi aliyeijenga akacheka. "Bibi huyu ana njaa!"

"Basi lamba nawe, mwanangu, ushibe."

Hakulamba. Mudiri, na kilemba chake kikubwa, akainama akaulamba mwenyewe, akatema mate.

"Subhanallah! Bomoeni, mjenge upya."

Tukabaki vinywa wazi, kuta ndefu zile zikishushwa jiwe kwa jiwe kwa neno la mchoma chokaa.