Mzee Kazimika

Mama Chapa alikuwa na wazee wawili nyumbani kwake, na kizaazaa chote cha siku ile kilianzia hapo.

Wa kwanza alikuwa baba yake mzazi, mchimba visima aliyestaafu. Macho yake yalishaingia ukungu, lakini sauti ilikuwa bado ile ile ya mtu aliyezoea kuongea akiwa chini shimoni. Huyo alimwita Baba, tangu utoto wake hadi leo. Wa pili alikuwa kompyuta. Ilikuwa juu ya meza katika chumba cha mbele, imekuwa ya manjano kwa uzee, na kila asubuhi ilikohoa, ikanguruma, ikafikiri weee, ndipo ikafungua jicho. Hiyo ndiyo aliyoiita Mzee. Wateja waliokuja kuchapiwa barua za kuomba kazi walishazoea kuambiwa, "Mzee kaamka na uchovu leo, mpeni dakika tano." Nao walikaa kwenye benchi wakampa dakika tano. Hakuna aliyeona ajabu.

Miaka ishirini na miwili alikuwa akiwachapia watu maneno yao. Alianza na taipureta, vidole vikaota sugu, jina la Mama Chapa likamganda hata jina lake halisi likabaki kwenye vyeti tu. Ukimletea mwandiko mbaya kiasi gani, atausoma. Ukimletea uongo, atauchapa vizuri kuliko ukweli wa mwingine, na hatakuuliza. Kazi yangu herufi, husema, mengine mtajijua wenyewe.

Sasa, kwa miezi minane, kila asubuhi kabla wateja hawajawa wengi, baba yake alikuwa akija na kiti chake, anakaa kando ya Mzee, anasimulia visima vyake. Kisima cha ngapi, kilikuwa wapi, walikuta udongo gani, mwamba ulianza futi ya ngapi, maji yalikuwa matamu au ya chumvi. Mama Chapa anachapa. Alidhani ni kazi ya kumpitishia mzazi wake muda. Wafanyakazi waliochimba naye aliwataja wote, hata yule mvivu aliyelala kwenye ndoo. Mtu mmoja tu alikuwa hajatajwa, naye ni mwanawe wa kiume.

Huyo ndiye mdogo wake Mama Chapa, fundi wa redio na kompyuta, watu humwita Waya. Zamani alichimba na baba yake. Katika kisima cha mwisho ukuta ulimporomokea, akatolewa mguu umevunjika pawili, na mpaka leo anachechemea. Baba akamwambia kila mtu kwamba kijana alikatazwa kushuka, akashuka kwa kiburi. Waya akasema si kweli. Baba akasema huyu ananiita mwongo mbele za watu. Ikawa sivyo ndivyo, maneno yakapanda, mwisho baba akasimama kwenye mlango huu huu wa chumba cha mbele akamwambia asikanyage hapa tena mpaka atakaposikia yeye amekufa. Waya akahamia mji mwingine, mwendo wa saa tatu kwa basi. Mwaka wa sita huo. Dada yake alimpigia simu kwa siri, na kila mara, jamani, kila mara, alimsihi aombe radhi yaishe. Waya alikuwa hajibu kitu. Wala neno baba hakulitamka tena. Akitaka kujua hali ya baba yao, husema, "Mzee hajambo?"

Asubuhi ile mzee wa watu alikaa, akatulia sana. Akasema leo ni kisima cha mwisho. Mama Chapa akachapa, hana hili wala lile. Kilikuwa nyuma ya ghala. Mwenye ghala alikuwa na haraka. Mbao za kuzuia ukuta zilikuwa hazijafika. Kisha baba akajipangusa mdomo, akasema:

"Kijana wangu aliniambia ukuta unatoa mchanga. Nilimsikia. Nikamwambia shuka."

Vidole vilichapa vyenyewe, kwa mazoea. Herufi zilipotokea kwenye skrini ndipo Mama Chapa alipozisoma. Akazisoma tena. Miaka sita! Miaka sita alikuwa akimwambia mdogo wake aombe radhi, aombe radhi kwa nini? Kwa kuvunjwa mguu? Alitaka kugeuka amtazame baba yake, shingo ikakataa. Waya mwenyewe ndiye aliyemfundisha kompyuta, na somo lake lilikuwa moja: kila ukiweka nukta, hifadhi. Hakuna siku aliyosahau. Siku hiyo aliweka nukta tatu bila kuhifadhi hata moja, akabaki ameduwaa, mikono hewani.

Umeme ukakatika.

Skrini ikawa nyeusi. Feni ikanyamaza. Hicho kifaa cha kutunza umeme kilikuwepo chini ya meza, ndiyo, lakini betri yake ilikufa zamani na Mama Chapa alikuwa akikitumia kuwekea miguu.

"Umeandika?" baba akauliza gizani mwake, maana kwake mwanga na giza havikupishana sana.

"Nimeandika, Baba."

"Haya. Nimelisema mara moja. Sirudii tena mpaka nakufa."

Akabeba kiti chake, akaenda chumba cha nyuma kujilaza.

Nusu saa baadaye umeme ulirudi, na heri usingerudi. Ulikuja kwa kishindo, taa ikawaka nyeupe kupita kiasi, ikapasuka. Kwenye waya ule mrefu wenye matundu manne aliochomekea kila kitu kikasikika kitu tap, na harufu ya plastiki iliyoungua ikatanda chumbani. Chaja ya simu ikafa hapo hapo. Printa, kwa maajabu, ikapona. Mama Chapa akabonyeza kitufe cha Mzee. Kimya. Akabonyeza tena. Hata kile kitaa kidogo cha kijani hakikuwaka.

Basi akaanza. Akachomoa, akapeleka moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Kimya. Akachukua pasi akaichomeka pale kuhakikisha soketi ni nzima. Pasi ikapata moto. Akabadili waya, akautumia wa printa. Kimya. Akakumbuka aliwahi kuambiwa achomoe kila kitu, akandamize kitufe akihesabu hadi thelathini, ili umeme uliobaki ndani utoke. Akahesabu hadi sitini. Kimya. Akafungua ubavu wa kasha, akapuliza vumbi likamrudia machoni. Akampiga kofi, Mzee wa watu, kisha akamwomba samahani. Pale ndani kulikuwa na sentensi tatu ambazo zingemrudishia mdogo wake heshima yake, zimeandikwa, au hazikuandikwa, na aliyezisema ameapa hatazisema tena.

Simu ilikuwa imebakiza chaji ya kukonyeza jicho. Akamwandikia Waya mbio mbio:

"Mzee kazimika ghafla katikati ya maneno. Nimejaribu kila njia haamki. Nimeishiwa nguvu. Nifanyeje."

Akatuma, simu ikazima. Akaipeleka kwa kinyozi jirani ichajiwe, akarudi kumpuliza Mzee, simu akaisahau huko huko. Akili yake yote ilikuwa ndani ya lile kasha.

Ilipata saa nane mchana. Alikuwa amepiga magoti chini ya meza, kichwa kimo ndani ya nyaya, aliposikia kilio barabarani. Si kilio cha mtoto. Ni kilio kile ambacho ukikisikia unaanza kuwahesabu watu wako. Akatoka kinyumenyume, akagonga kichwa, akainuka, na mlangoni alikuwepo shangazi yake, dada wa baba, khanga imemteremka begani, anaita kaka yangu, kaka yangu, umeondoka bila kuniaga. Nyuma yake alikuwa Waya. Aproni ya kazi ilikuwa bado shingoni, bisibisi mfukoni, macho mekundu. Alisimama nje ya kizingiti kwa muda mfupi, akautazama mguu wake mbovu, akauvusha ndani.

"Yuko wapi?" akauliza. "Mmemlaza wapi?"

Mama Chapa akamtazama yeye, kisha shangazi. Nani kafa? Alimfikiria kila mtu upesi upesi na hakumpata. Kisha akaona macho ya mdogo wake yanaelekea mlango wa chumba cha nyuma, na ule ujumbe ukamrudia, neno kwa neno, kama alivyouandika. Mama yangu, nimefanya nini?

Mlango wa nyuma ukafunguka. Baba akatokea, singlendi imepinda, amekasirika kwa kuamshwa.

"Kelele za nini hizi? Nani amekufa?"

Shangazi alinyamaza katikati ya neno, mdomo ukabaki wazi. Alimtazama kaka yake juu mpaka chini, akakaa kwenye benchi la wateja puu. Alipopata pumzi, alimshambulia yeye kwanza, kwamba ana roho ngumu, na kwamba machozi yake ya njia nzima, tangu Waya alipompigia simu, nani atamrudishia. Mama Chapa akajieleza kwa kigugumizi, akionyesha kompyuta, huyu ndiye Mzee, huyu, si Baba. Shangazi akataka kujua ni mwendawazimu gani anakiita chombo mzee wakati mzee yumo ndani.

Waya alikuwa anahema kwa nguvu. Aliegemea ukuta. Baba aligeuza kichwa polepole kufuata pumzi zile. Akazitambua.

"Nilikwambia usikanyage hapa mpaka nife."

"Nimeambiwa umekufa," Waya akajibu.

Hakuna aliyecheka, ingawa siku nyingine wangevunjika mbavu. Baba akasimama vile vile. Mtu aliyemfukuza alikuwa amesafiri saa tatu analia kwa ajili yake, na hata kipofu angeisikia ile sauti ilivyokauka.

Waya akageukia alichokiweza. Akachutama mbele ya kompyuta, akatoa bisibisi. Akanusa. Akachomoa kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme, akanyoosha kibanio cha karatasi, akagusisha matundu mawili ya plagi yake kukipima. Feni yake haikuzunguka. Kimeungua, akasema. Chini ya benchi kulikuwa na kasha la kompyuta nyingine iliyokufa zamani, ambalo dada yake alilitumia kuwekea karatasi. Akang'oa cha humo, akakipima vile vile, kikazunguka. Akakifunga. Akatoa vipande vya kumbukumbu, akavisugua meno kwa kifutio cha penseli, akavirudisha. Shangazi na Mama Chapa walimtazama, baba akasikiliza. Akabonyeza.

Mzee akakohoa. Akanguruma. Akafikiri weee, akafungua jicho.

Mama Chapa alikuwa analia waziwazi sasa, hakujali. Programu ikatoa taarifa kwamba imeokoa kazi iliyokuwa haijahifadhiwa. Akabofya. Ukurasa wa tisini na moja ukafunguka, kisima cha mwisho, nyuma ya ghala, mwenye ghala ana haraka. Akashuka na macho. Mbao zilikuwa hazijafika. Chini ya hapo palikuwa peupe.

Aliusukuma ukurasa juu na chini mara tatu. Peupe. Mashine ilijihifadhia yenyewe kila baada ya dakika kumi, na dakika zile hazikuwa zimetimia. Angeweza kuzichapa sentensi zile tatu mwenyewe, alizijua kwa moyo, lakini zingekuwa maneno yake yeye, na baba angeweza kuzikana. Nani angemwamini Mama Chapa, ambaye huchapa chochote anachoambiwa?

"Imeishia wapi?" baba akauliza.

Mama Chapa akaelekeza kidole kwenye skrini. Waya akainama, akasoma kwa sauti, bila kujua anasoma nini: "Mbao za kuzuia ukuta zilikuwa hazijafika."

Aliposikia alichokisoma, akajishika mguu mbovu.

Baba akapapasa hewani, akakipata kiti kilichokuwa karibu, akakivuta mpaka kando ya meza, akakaa. Mama Chapa akaweka vidole kwenye kibodi, tayari.

"Wewe toka," baba akamwambia. "Aandike yeye."

Waya akakaa. Alichapa kwa vidole viwili, fundi mzima, herufi moja moja, na baba akamngojea kila neno lilipomaliza kugongwa ndipo akatoa jingine.

"Kijana wangu aliniambia ukuta unatoa mchanga." Akangoja. "Nilimsikia."

Vidole vikasimama. Shangazi akajifunika uso kwa khanga.

"Andika," baba akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, Mama Chapa hakuwahi kuisikia hivyo. "Nilimsikia. Nikamwambia shuka. Halafu nikasema uongo miaka sita."

Hilo la mwisho asubuhi halikuwemo. Waya akalichapa. Alichukua muda mrefu, maana alikosea uongo mara mbili akafuta. Akaweka nukta.

"Umehifadhi?" baba akauliza.

Waya akabonyeza. Akabonyeza tena. Akabonyeza mara ya tatu, na baba akakaa anasikiliza kile kitufe.